Masi ya kuzaliwa haitoshi kueleza mwisho wa nyota kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe hoja kuhusu makala ya sayansi mliyoichapa hivi karibuni juu ya maisha na vifo vya nyota. Makala ile iliandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na kwa upande wa Jua na nyota ndogo sina la kuongeza. Shaka yangu iko kwenye sehemu yake ya mwisho, ambamo mwandishi aliweka jedwali lenye safu mbili, moja ikiwa ni masi ambayo nyota huzaliwa nayo na nyingine ikiwa ni hatima yake. Kwa mujibu wa jedwali hilo, chini ya mara nane ya masi ya Jua nyota huishia kuwa kibete cheupe (kiini kidogo chenye joto kinachopoa polepole), kuanzia mara nane hadi ishirini na kitu hulipuka na kuacha nyota ya nyutroni (kiini kidogo kilichoshindiliwa mno), na zaidi ya hapo huacha shimo jeusi, ambalo makala ilidai huwa kubwa kadiri nyota yenyewe ilivyozaliwa kubwa.

Jedwali hilo ni maarufu kwa sababu ni rahisi kukariri. Kwa nyota kubwa, hata hivyo, limeruka jambo ambalo wanaastronomia wamelishughulikia kwa zaidi ya nusu karne, nalo ni kwamba nyota hizo hazifiki mwisho wa maisha yao zikiwa na masi zilizoanza nayo. Lori la viazi likitoka Uyole likashusha magunia Makambako, Iringa na Morogoro, hakuna mfanyabiashara wa Dar es Salaam atakayelipa kwa kuangalia karatasi ya mizani ya mwanzo wa safari. Atahesabu kilichobaki juu ya gari. Nyota kubwa nayo hushusha njia nzima, na ili kujua itaishaje ni lazima tuulize imeshusha kiasi gani, katika hatua ipi ya maisha yake, na nani aliyepokea.

Jua letu linaweza kutupotosha hapa, maana lenyewe hupoteza kidogo mno. Upepo wake huchukua kila mwaka takriban sehemu mbili tu kati ya trilioni mia moja za masi yake, kiasi ambacho kwa miaka bilioni 10 ya maisha yake ya kawaida hakifiki hata sehemu moja ya elfu. Ni pale litakapovimba kuwa jitu jekundu ndipo litamwaga karibu nusu ya masi yake, na hata hapo jedwali la makala halikosei sana, kwa kuwa kinachobaki ni kibete cheupe vilevile. Linganisha na nyota ya buluu iitwayo Naos, katika kundi la Shetri, ambayo huku kwetu huonekana bila darubini upande wa kusini jioni za Februari hadi Mei. Upepo wa Naos hutoka kwa kasi inayozidi kilomita 2,000 kwa sekunde, na kwa makadirio ya sasa hubeba sehemu moja hadi nne kati ya milioni za masi ya Jua kila mwaka, yaani si chini ya mara milioni hamsini ya kile ambacho Jua hupoteza. Kwa kuwa Jua lina masi ya Dunia mara 333,000, hesabu hiyo inatuambia kwamba gesi yenye masi ya Dunia yetu nzima huondoka Naos katika muda usiozidi miaka mitatu, na nyota za aina hiyo huendelea kumwaga kwa mamilioni ya miaka.

Msukumo wa upepo huo hautoki kwenye joto la gesi, kama ilivyo kwa Jua, bali kwenye nuru yenyewe. Kila atomu inayonasa chembe ya nuru husukumwa kidogo kuelekea kule nuru ilikokuwa ikienda. Kwenye Jua msukumo huo ni hafifu mno kushindana na mvutano. Kwenye nyota ambayo uso wake una joto la nyuzi 40,000 na mng'aro unaozidi ule wa Jua mara mamia ya maelfu, huku sehemu kubwa ya nuru ikiwa ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, mambo hubadilika, lakini hubadilika kwa kazi ya atomu chache. Hidrojeni na heliamu, ambazo ndizo karibu nyota yote, hunasa nuru katika mistari michache tu ya spektra, yaani ya nuru iliyotawanywa katika rangi zake. Kaboni, naitrojeni, oksijeni na hasa chuma, kile kile kilichojaa katika Kimondo cha Mbozi, zina mistari mingi mno, na ingawa atomu zake ni haba ndizo zinazoshika nuru na kuikokota gesi nyingine yote kwa kugongana nayo. Kuna jambo hapa ambalo hunifurahisha kila ninapolisoma. Mtu angetarajia kwamba atomu za chini zikishanasa nuru yote ya rangi fulani, zilizo juu yake zingekosa cha kunasa na upepo ungezimika. Lakini gesi inapoanza kukimbia, rangi ya nuru inayoifikia hubadilika kwa sababu ya mwendo wake, na hivyo hukutana na nuru ambayo zile za chini hazikuigusa. Ikiinasa huongeza kasi, na ikiongeza kasi hupata nuru nyingine ambayo haijaguswa.

Dhana hii haikuzuka kwa siku moja. Mwaka 1929 Carlyle Beals alieleza kwamba mistari mipana ya spektra za nyota fulani hutokana na gesi inayotoka nje kwa kasi, lakini kwa kuwa hewa ya Dunia huzuia urujuanimno, ushahidi mzito ulisubiri roketi. Donald Morton alichapisha mwaka 1967 vipimo vilivyoonyesha upepo wenye kasi kubwa kwenye nyota tatu zilizojipanga mstari katikati ya kundi la Jabari, ambazo kila mtoto wa Mbeya amewahi kuziona hata kama hakuambiwa jina lake. Leon Lucy na Philip Solomon walitoa maelezo ya msukumo wa nuru kupitia mistari ya spektra mwaka 1970, na John Castor, David Abbott na Richard Klein wakaikamilisha hesabu yake mwaka 1975.

Sasa, kupungua huko kuna athari gani kwa maisha ya nyota yenyewe? Nyota kubwa huchoma hidrojeni katikati yake na kuigeuza heliamu. Ikipungua masi, uzito unaokandamiza kiini hupungua, uchomaji hutulia kidogo, mng'aro hushuka kulinganisha na ambavyo ungekuwa, na umri huongezeka kiasi. Kiini cha heliamu kinachojengeka huwa kidogo kuliko ambacho kingejengeka bila upepo, na kiini ndicho kitakachoamua mlipuko. Gesi inayoondoka pia hubeba mzunguko, hivyo nyota iliyozaliwa ikizunguka kwa kasi hupunguza mwendo. Lakini athari inayoonekana wazi kuliko zote ni kwamba nyota huchunwa. Matabaka ya juu yakiisha kuondoka, yale yaliyokuwa ndani, ambamo moto wa nyuklia umeshapita, hubaki wazi kwa anayetazama kwa darubini. Kwanza hujitokeza naitrojeni nyingi pamoja na heliamu, na uchunaji ukiendelea hujitokeza kaboni na oksijeni. (Wasomaji wanaofuatilia utafutaji wa heliamu bonde la Rukwa wasichanganyikiwe: ile imetokana na kuoza kwa urani na thori ndani ya miamba ya hapa hapa duniani.)

Nyota zilizochunwa namna hiyo zilikuwa zimeshaonekana kabla ya mtu yeyote kuelewa zilivyo. Mwaka 1867 Charles Wolf na Georges Rayet, wakiwa Paris, walikuta nyota tatu ambazo spektra zake zilikuwa na mistari mipana inayong'aa badala ya mistari myembamba ya giza iliyozoeleka, na aina hiyo ya nyota inabeba majina yao hadi leo. Ilichukua zaidi ya karne moja hadi Peter Conti, katikati ya miaka ya 1970, alipopendekeza kwamba hizo ni nyota kubwa za kawaida ambazo upepo wake umeziondolea vazi la hidrojeni. Inayong'aa kuliko zote katika anga nzima ni Gamma Velorum, katika kundi la Tanga, iliyo umbali wa takriban miaka 1,100 ya nuru. Kwetu sisi tulio nyuzi nane au tisa kusini ya ikweta ni nyota rahisi kuipata, ilhali mwanaastronomia aliye London haioni kabisa. Kinachoonekana kwa macho kama nyota moja ni mbili zinazozungukana kila siku 78 na nusu. Ile iliyochunwa ina leo takriban masi tisa za Jua, na inakadiriwa kwamba ilizaliwa na zaidi ya 30. Msomaji aliyebaki na jedwali la makala mkononi atajiuliza aisome kwenye mstari wa tisa au wa thelathini, na jibu la haki ni kwamba hakuna mstari unaoitosha.

Mwaka 1979 Roberta Humphreys na Kris Davidson walionyesha jambo lingine ambalo haliwezi kueleweka bila upotevu wa masi. Nyota kubwa inapomaliza hidrojeni katikati hutarajiwa kuvimba na kupoa hadi iwe jitu kuu jekundu. Walipokusanya nyota zenye mng'aro mkubwa zaidi katika galaksi yetu na katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, walikuta kwamba juu ya kiwango fulani majitu mekundu hayapo kabisa. Nyota zilizozaliwa na takriban masi 40 za Jua au zaidi hazifiki kwenye wekundu, na maelezo yaliyokubalika tangu wakati huo ni kwamba hupoteza vazi lao kabla ya kuvimba kiasi hicho. Zile za chini ya hapo huvimba, na kwenye hatua hiyo hupoteza masi kwa njia tofauti, kwa kuwa uso uliopoa hauna tena nuru kali ya urujuanimno. Gesi huinuliwa na mapigo na mchemko wa uso wenyewe, hupoa na kuganda kuwa vumbi, na nuru huisukuma mbali.

Wengi watakumbuka kelele zilizozagaa mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, pale Ibuti la Jauza, nyota nyekundu iliyo upande mmoja wa Jabari na ambayo vitabu vya kigeni huiita Betelgeuse, ilipofifia hadi chini ya nusu ya mng'aro wake wa kawaida. Zilisambazwa jumbe kwamba ilikuwa karibu kulipuka. Huku kwetu ulikuwa msimu wa mvua na mawingu yaliwaficha wengi tamasha hilo, pengine yakawaepusha na hofu pia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba nyota ilikuwa imetema donge la gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, na vumbi likaganda kati yake na sisi. Tulishuhudia, kwa maneno mengine, tukio moja la upotevu wa masi likifanyika mbele ya macho yetu, na ni bahati mbaya kwamba mazungumzo ya wakati ule yalikuwa juu ya mlipuko tu.

Kuna majitu makuu mekundu yanayokadiriwa kuzaliwa na hadi masi 25 za Jua. Hata hivyo, Stephen Smartt na wenzake walipopekua picha za zamani kutafuta nyota zilizokuwepo mahali ambapo baadaye supanova (milipuko ya nyota) za kawaida zenye hidrojeni zilitokea, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 yalionyesha majitu mekundu yaliyozaliwa na takriban masi 17 kwenda chini tu. Zile kubwa zaidi ama zilishapoteza wekundu wao kabla ya kufa, ama zilijikunja moja kwa moja kuwa mashimo meusi bila mlipuko unaoonekana. Mjadala huo unaendelea, na kila upande unategemea makadirio ya gesi iliyoondoka.

Upotevu hauji kwa utulivu wakati wote. Yeyote anayepata nafasi ya kulala Kitulo au milima ya Mufindi katika usiku usio na mbalamwezi mwezi Mei, mvua zikiwa zimekwisha na taa za mji zikiwa mbali, atazame kusini yapata saa mbili usiku, upande wa kulia wa msalaba wa Salibu. Ataona kiraka cheupe katika Njia Nyeupe, na ndani yake nyota hafifu iitwayo Eta Carinae, iliyo umbali wa takriban miaka 7,500 ya nuru. John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliiona ikiongezeka mng'aro ghafla Desemba 1837, na kufikia mwaka 1843 ilikuwa imezishinda nyota zote za usiku isipokuwa Shira. Katika miaka ishirini hivi ya mtikisiko huo ilitupa nje zaidi ya masi kumi za Jua, na wingu la gesi hiyo bado linapanuka kuizunguka katika umbo la mapovu mawili. Nyota yenyewe haikufa. Ilitoa nuru iliyokaribia ile ya supanova, ikatupa gesi ambayo ingetosha kuunda nyota kubwa kamili, kisha ikabaki, na bado inakadiriwa kuwa na karibu masi 100 za Jua. Ina mwenzi anayeizunguka kila miaka mitano na nusu, na wapo wanaodhani mtikisiko ule ulitokana na nyota mbili kuungana. Upepo wa kawaida wa Naos ungehitaji mamilioni ya miaka kufanya kazi iliyofanywa hapa katika muda ambao mtoto hukua na kuoa.

Nimetaja mwenzi, na hapa naomba Mhariri univumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye hoja ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba upepo peke yake unatosha kuzichuna nyota kubwa. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, vipimo vipya vilionyesha kwamba upepo huo umejaa madonge badala ya kutawanyika sawasawa. Dalili zilizotumika kupima kiasi chake hukua kwa mraba wa msongamano, kwa hiyo upepo wenye madonge huonekana mzito kuliko ulivyo, na makadirio ya awali ikabidi yakatwe hadi nusu au theluthi, na katika baadhi ya hesabu zaidi ya hapo. Upepo uliopunguzwa kiasi hicho hauwezi kueleza nyota zote zilizochunwa tunazoziona.

Jibu limo katika takwimu za ndoa, kama naweza kusema hivyo. Hugues Sana na wenzake walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa nyota kubwa za buluu katika vikundi vichanga vya galaksi yetu, wakahitimisha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya nyota hizo zina mwenzi aliye karibu kiasi kwamba katika maisha yao lazima zitapeana masi au kuungana. Nyota moja ikivimba, gesi ya uso wake hufika mahali ambapo mvutano wa mwenzake unashinda, nayo huvuka upande wa pili. Nyota iliyochunwa hivyo hupoteza vazi lake la hidrojeni hata kama ilizaliwa na masi 12 au 15 tu, ambazo kwa upepo wake isingeweza kamwe kujichuna. Na iliyopokea huongezeka, hufufuka kwa hidrojeni mpya, huzunguka kwa kasi zaidi, na huonekana changa kuliko umri wake. Kwa maoni yangu, makala yoyote inayoeleza maisha ya nyota kubwa kana kwamba kila moja inaishi peke yake inaeleza maisha ya nyota chache, tena zisizo wakilishi.

Ushahidi wa hoja hii uko katika milipuko yenyewe. Supanova za nyota kubwa ambazo viini vyake vimeporomoka hugawanywa kwa kuangalia kama spektra zake zina hidrojeni au hazina, na zisizokuwa na hidrojeni hugawanywa tena kwa kuangalia kama zina heliamu. Hesabu za milipuko katika galaksi za jirani zinaonyesha kwamba karibu theluthi moja hutoka kwenye nyota zilizokwisha poteza hidrojeni yote au karibu yote. Nyota zilizo kubwa vya kutosha kujichuna kwa upepo, tuseme zile za masi 30 na kuendelea, huzaliwa kwa uchache mno kuweza kujaza theluthi hiyo. Kwa hiyo nyingi lazima zimechunwa na wenzi wao.

Mfano ambao kizazi changu kiliushuhudia ni ule wa tarehe 23 Februari 1987, katika Wingu Kubwa la Magellan, lililo umbali wa takriban miaka 165,000 ya nuru na ambalo sisi wa kusini hulitazama bila darubini. Nyota iliyolipuka ilikuwa imepigwa picha kabla, na kwa mshangao wa wengi ilikuwa jitu kuu la buluu, wakati vitabu vilifundisha kwamba nyota ya takriban masi 20 hufa ikiwa nyekundu. Baadaye zilionekana pete tatu za gesi kuizunguka, zilizotupwa takriban miaka 20,000 kabla ya mlipuko. Maelezo ambayo wengi wanayaegemea ni kwamba zilikuwa nyota mbili zilizoungana, zikatupa pete hizo katika muungano wao, na nyota iliyotokea ikarudi kwenye ubuluu. Jedwali la safu mbili lingeweza kusema tu kwamba ingelipuka. Nyota nyekundu ambayo vitabu viliitarajia haikuwepo, na pete zile hazina mahali pa kuandikwa.

Nimalizie na mashimo meusi, kwa kuwa ndipo makala ilipokosea waziwazi kuliko pengine. Nilieleza kwamba upepo hukokotwa na elementi nzito, hasa chuma. Nyota iliyozaliwa katika gesi yenye elementi nzito chache huwa na upepo dhaifu, na hivyo hufika mwisho ikiwa na sehemu kubwa zaidi ya masi yake. Maana yake ni kwamba nyota mbili zenye masi sawa siku ya kuzaliwa, moja katika ujirani wetu na nyingine katika Wingu Dogo la Magellan, ambamo elementi hizo ni takriban sehemu moja ya tano ya zilizoko hapa, haziachi mashimo meusi yanayolingana. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO nchini Marekani ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga yenyewe, kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyoungana, moja likiwa na takriban masi 36 za Jua na jingine 29. Yale yaliyokuwa yamejulikana hapo awali katika galaksi yetu yalikuwa na masi kati ya tano na kumi na tano hivi, na maelezo yaliyotolewa mara moja yalikuwa kwamba nyota zilizoyazaa ziliishi penye uhaba wa elementi nzito. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba chombo cha angani cha Gaia kimegundua shimo jeusi lenye masi 33 ndani ya galaksi yetu wenyewe, umbali wa takriban miaka 2,000 ya nuru, na nyota inayolizunguka ilipopimwa ilikutwa ni miongoni mwa zile zenye uhaba mkubwa wa elementi nzito, kama hoja ilivyotabiri.

Upande wa pili yuko Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubalika na wengi, ambalo mwaka 2021 lilipimwa upya na kukutwa na masi 21 badala ya takriban 15. Nyota iliyoliacha ilizaliwa katika mazingira yenye elementi nzito nyingi kama yetu, na ili iweze kuacha shimo la ukubwa huo ilibidi wahusika wakubali kwamba pepo za nyota hata huku kwetu ni dhaifu kuliko walivyokuwa wakikokotoa. Wala haitoshi kusema kwamba nyota isiyopoteza kitu huacha shimo kubwa kuliko zote. Kwa nadharia, kiini cha heliamu kikiwa na kati ya takriban masi 60 na 130 za Jua, joto lake huzalisha elektroni na pozitroni (chembe kinzani za elektroni), shinikizo hupungua ghafla, na oksijeni huwaka kwa mpigo mmoja unaoisambaratisha nyota nzima bila kuacha chochote. Nyota iliyotunza masi yake vizuri mno, basi, inaweza kukosa hata kaburi.

Kwa sababu hizo naomba kwamba mtakapolichapa tena jedwali lile, sehemu ya nyota kubwa isiwe na safu mbili tu. Iongezwe safu ya elementi nzito ambazo nyota imezaliwa nazo, safu ya mwenzi na umbali wake, na safu ya masi ya kiini siku ya mwisho, na mahali ambapo namba haijulikani paachwe wazi badala ya kujazwa kwa kukisia. Na pale mlipoandika kwamba Ibuti la Jauza itaacha nyota ya nyutroni au shimo jeusi kwa kutegemea masi iliyozaliwa nayo, pasomeke kwamba inategemea kiini chake kitakuwa na masi gani siku hiyo, na kwamba aina ya mlipuko tutakaouona itategemea hidrojeni itakayokuwa imebaki juu yake.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Uyole, Mbeya.